UYOGA NAO UNAPUMUA

Historia ya hewa na joto katika banda letu, na habari ya hema

Tumefikisha miaka 10 tukiwa bado tunakaa kwenye mkeka mmoja. Kamati ya kijitabu iliniomba niandike historia. Sasa Katibu ameshaandika ya kikundi, jinsi tulivyoanza na viongozi waliopita, na Mweka Hazina ameandika ya sanduku, hisa na funguo tatu. Mimi nimebakiziwa banda la uyoga. Nikakaa nikafikiri, historia ya banda si ya matofali na mabati tu, maana hata ghala la mahindi lina matofali na mabati. Kinacholifanya liwe banda la uyoga ni hewa iliyomo ndani yake. Kwa hiyo nitaandika historia ya hewa na joto, tangu huko mbali ilikoanzia mpaka ilipofika hapa kwetu Pwani.

Sababu yangu naisema waziwazi. Mwisho wa mzunguko huu tunagawana, na mkutano utaamua fedha za mradi ziende wapi. Wengine wanataka tununue hema la kuoteshea, lile la nailoni lenye zipu na feni ambalo mfanyabiashara mmoja alikuja kutuonyesha picha yake. Wengine wanataka banda la pili la udongo. Kabla hujanyoosha mkono siku hiyo, mama, soma kwanza.

Uyoga si kama mchicha. Mchicha unakula jua. Uyoga unakula majani makavu ya mpunga, pumba, maranda, na unapokula unavuta hewa safi na kutoa hewa ukaa, kama mimi na wewe tunavyopumua. Tena unatoa joto. Ingiza mkono katikati ya mifuko iliyokaa siku ya kumi kwenye chumba cha giza, utaona yenyewe ni ya moto kuliko chumba. Sasa piga picha mifuko mia imepangwa humo. Ni sawa na ukumbi wa ngoma uliojaa watu na milango imefungwa, ila tofauti ni kwamba mtu wa ngoma akizidiwa anatoka nje, uyoga hauwezi kutoka. Unabaki humo humo unaota vibaya. Shingo inarefuka, kofia inakuwa ndogo kama kifungo cha shati, ni uyoga unatafuta pa kupumulia. Mteja akiuona sokoni anauliza, hii nini tena?

Hewa ya nje ya siku hizi ina hewa ukaa sehemu 400 na ushee katika kila sehemu milioni moja. Uyoga wetu wa mamama, wakati wa kutoa vichwa, unataka isizidi kama 1,000 hivi. Chumba kilichofungwa usiku kucha na mifuko yake kinapita hapo bila shida. Kipimo cha mashine ni ghali, lakini kipimo cha shingo ya uyoga kipo kila asubuhi na hakilipiwi.

Mchwa alitutangulia

Hapa kwetu mchwa ni adui wa nguzo za nyumba, na mimi mwenyewe simpendi. Lakini lazima tumpe haki yake. Mchwa alilima uyoga kabla ya mtu yeyote, na ushahidi umepatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba katika miamba ya bonde la Rukwa wamekuta viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, na ndani ya viota hivyo mashamba ya uyoga, yote yana umri wa miaka kama milioni 25. Binadamu wakati huo hayupo hata kwa kuwaza.

Namna anavyofanya ni hivi. Mchwa wa aina hiyo anatafuna miti na majani, anayajenga kama sega la nyuki ndani ya kichuguu, uyoga unaota kwenye sega na kulainisha kile ambacho yeye peke yake kingemshinda. Halafu anakula. Mvua zikija, katika aina nyingi uyoga huo unatokeza nje, na ndio ule mama zetu walikuwa wanatutuma kuuchuma asubuhi kwenye vichuguu. Kule Zambia upo mkubwa ambao kofia yake inaweza kufika mita moja, wataalamu waliuandika mwaka 1980 na kuupa jina la Termitomyces titanicus. Mtoto anaweza kujifunika mvua nao.

Jambo linalotuhusu ni hili. Ndani ya kichuguu kuna mchwa wengi mno, kuna masega yanayovuta pumzi usiku na mchana, na joto lake linakaa kwenye digrii 30 hivi bila kuyumba sana. Nani anawafungulia dirisha? Mswisi mmoja, Martin Lüscher, mwaka 1961 aliandika juu ya vichuguu vya Ivory Coast. Alisema joto la kiota linaisukuma hewa kupanda juu, kisha hewa hiyo inashuka kwa vijia vyembamba vilivyo karibu na ukuta wa nje, na hapo hewa ukaa inachuja kwenda nje na hewa safi inaingia. Baadaye wengine walichunguza zaidi, kwa sababu vichuguu si vya namna moja. Mwaka 2015, ule ule tulioanza sisi, watafiti waliopima vichuguu vya India walionyesha kwamba mchana zile mbavu za nje zinapata moto haraka kuliko kiini, basi hewa inapanda pembeni na kushuka katikati. Usiku nje kunapoa, mambo yanageuka, hewa inapanda katikati na kushuka pembeni. Na hewa ukaa iliyojikusanya mchana inatolewa usiku.

Hakuna injini pale. Kazi yote inafanywa na tofauti ya mchana na usiku. Naomba neno hilo la usiku mlishike, nitalirudia.

Kuna jengo Harare, Zimbabwe, linaitwa Eastgate Centre, lilifunguliwa mwaka 1996. Mchoraji wake, Mick Pearce, alisema alijifunza kwa vichuguu. Jengo hilo linavuta hewa ya baridi ya usiku na kupoza kuta na sakafu za zege, mchana watu wanafanya kazi ndani bila viyoyozi vya kawaida. Feni zimo, sitaki kuwadanganya, lakini ubaridi wenyewe unatoka usiku.

Uyoga wa mashimoni

Binadamu naye alianza taratibu. Wachina waliotesha uyoga juu ya magogo milimani karne nyingi zilizopita, na kwa kuwa magogo yalikuwa nje, hewa haikuwa shida ya mtu. Shida ya hewa ilianza siku mtu alipoupeleka uyoga ndani.

Ufaransa mwaka 1600 Olivier de Serres alishaandika katika kitabu chake cha kilimo jinsi ya kuotesha uyoga kwenye matuta ya samadi. Kisha mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa Paris wakaingia chini ya ardhi. Mji ule umejengwa kwa mawe yaliyochimbwa chini yake na kandokando yake, yakabaki mapango marefu, giza tupu. Wakulima waliyapenda kwa sababu joto lake halibadiliki, kiangazi na majira ya baridi ni lile lile, linakaa kwenye digrii 14 hivi. Wakajaza samadi ya farasi, wakapanga matuta marefu, na uyoga ukatoka mwaka mzima.

Lakini fikiria mwenyewe, ndugu msomaji. Samadi inayochemka, taa za mafuta, wanaume wanapumua, uyoga unapumua, na juu ni mwamba. Hewa ilikuwa inachoka. Hapo walifanya jambo ambalo mama yeyote wa jiko la kuni angelielewa. Walitoboa matundu kama visima mpaka juu ya ardhi, na pale hewa ilipolala waliwasha moto chini ya tundu moja. Hewa ya moto ikapanda, na kwa kupanda ikavuta hewa mpya kuingia kwa tundu jingine. William Robinson, mtunza bustani mzaliwa wa Ireland, aliyatembelea mapango hayo na kuyaeleza katika kitabu chake cha uyoga cha mwaka 1870. Kuanzia hapo mambo mawili yalishajulikana kwa vitendo: hewa ya moto inataka njia ya juu, na njia ya juu peke yake haitoshi, lazima kuwe na pa kuingilia chini.

Wale wa nchi za baridi waliojenga nyumba juu ya ardhi walikuwa na tatizo jingine. Karibu na London, bustani ya Sir Joseph Banks, alikuwapo mtunza bustani anaitwa Isaac Oldacre aliyekuwa ametoka kumtumikia mfalme wa Urusi. Akajenga nyumba ya uyoga ya rafu na njia ya moshi wa moto kupita ndani ili kuipasha. Huko Marekani, Kennett Square katika jimbo la Pennsylvania, wauza maua wa miaka ya 1880 waliona nafasi chini ya meza za nyumba zao za vioo imekaa bure, wakaotesha uyoga, na baadaye wakajenga nyumba za uyoga wenyewe. Hao wote walikuwa wanapigana na baridi. Vitabu vyao vilisema ziba, pasha, funga mlango. Ni maneno ya kweli kwao. Ukiyachukua kama yalivyo ukayaleta Kibaha mwezi wa Februari, mchana unapita digrii 30, unakuwa umejenga tanuri.

Hapa nitatoka kidogo kwenye hewa niseme habari ya mbegu, kwa sababu ni kijitabu cha akina mama. Zamani mbegu ya uyoga ilikuwa kipande cha tuta la zamani, na magonjwa yake yote. Mwaka 1902 Margaret Ferguson, mwalimu wa elimu ya mimea katika Chuo cha Wellesley, Marekani, alichapisha utafiti wake wa namna ya kuziotesha zile punje ndogo ndogo zinazotoka chini ya kofia ya uyoga, kazi iliyokuwa imewashinda wengi. Mwaka 1905 Benjamin Duggar akaonyesha kwamba hata kipande cha nyama ya uyoga kinaweza kutoa mbegu safi. Mwaka 1932 James Sinden akapata hataza ya kukuza mbegu kwenye nafaka, na ndiyo sababu mbegu tunayonunua leo inakuja kwenye chupa ikiwa imeshikana na mtama. Yule mama Ferguson mwaka 1929 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa mimea cha Marekani. Tusiyasome haya tukayapita tu.

Turudi kwenye hewa. Mwaka 1933 Edmund Lambert, wa idara ya kilimo ya Marekani, alichapisha matokeo ya kuweka uyoga katika hewa ukaa nyingi. Uyoga uliharibika umbo na kukwama. Wakulima walikuwa wanajua tangu mashimo ya Paris kwamba hewa nzito ni mbaya, lakini wengi walidhani ni harufu, au ni unyevu, au ni mkosi. Sasa ikajulikana ni nini. Kumbe mtu anaweza kuwa na joto zuri, maji mazuri, mbegu nzuri, na akakosa mazao kwa sababu ya kitu kisichoonekana wala kunusika.

Mpaka kwetu

Uyoga wa samadi hatuotesha sisi, unataka baridi. Wetu ni mamama. Huu alianza kuuotesha Mjerumani Richard Falck mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, juu ya visiki vya miti. Lakini visiki na sisi wapi na wapi? Njia inayofanana na yetu ilitoka India. Mwaka 1962 Zakia Bano, naye mwanamke, pamoja na mwenzake Srivastava, wa taasisi ya utafiti wa vyakula ya Mysore, walichapisha kazi yao ya kuotesha mamama kwenye majani makavu ya mpunga. Mysore ni nchi ya joto. Majani ya mpunga ni yale ambayo hapa yalikuwa yanachomwa moto baada ya mavuno. Ndiyo maana nasema ukitaka kumshukuru mtu kwa mradi huu, mbali na Mungu, anzia kwa Bi. Zakia.

Na sisi Watanzania hatukuwa wageni wa uyoga. Mwaka 1995 Marja Härkönen wa Finland, Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzao walichapisha utafiti juu ya uyoga unaoliwa nchini mwetu, ule wa misituni na wa vichuguuni. Profesa Amelia Kivaisi wa chuo kikuu hicho hicho, na wenzake, walifanya utafiti wa kuotesha uyoga kwa mabaki ya mkonge. Kwa hiyo mtu akikuambia eti uyoga wa kuotesha ni mambo ya Wazungu, mjibu kwa adabu.

Banda letu lilijengwa mwaka 2018, kwa faida ya mikopo ya mizunguko mitatu. Fundi alilijenga kama anavyojua kujenga ghala, na kwa ghala lilikuwa zuri. Kuta za udongo nene, bati juu, madirisha mawili madogo upande mmoja, mlango mmoja. Mazao ya kwanza mnakumbuka. Shingo ndefu, kofia za vifungo. Bwana mmoja aliyetuuzia mbegu alisema tumezidisha maji. Mwingine akasema tumepunguza maji.

Aliyetoa jibu ni mwenzetu mmoja muuza chapati, hakutaka jina lake liandikwe. Aliuliza, moshi wa jiko unatokea wapi, mlangoni au juu? Akaenda nyumbani akarudi na chetezo na udi. Akauwasha katikati ya banda, tukafunga mlango, tukachungulia dirishani. Moshi ulipanda mpaka kwenye bati ukakaa. Ukatanda kama wingu, ukashuka taratibu mpaka ukafika kwenye mifuko ya rafu ya juu, na haukutoka. Wote tuliokuwapo tuliona kwa macho yetu hewa ya banda letu inavyoishi. Miaka 85 baada ya yule Lambert, na chombo cha kupimia ni chetezo cha kufukizia nguo!

Tukafungua mianya juu, kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, tukaweka wavu wa chandarua ili visubi wasiingie. Chini, upande wa kivuli cha mwembe, tukatoboa matundu karibu na sakafu. Juu ya bati tukalaza makuti. Mwezi uliofuata udi ule ule ulitoka kwa mianya ya juu kabla hujamaliza kuhesabu mpaka hamsini, na mazao yaliyofuata yalikuwa na kofia pana kama kiganja.

Lakini mianya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni saa. Hewa inapanda yenyewe pale tu ndani kunapokuwa na joto kuliko nje. Saa 8 mchana nje kukiwa na digrii 33, hewa haina sababu ya kupanda, na ukifungua kila kitu unakaribisha moto ndani. Usiku nje kumepoa, ndani kuna joto la mifuko, basi hewa inakwenda yenyewe. Ndiyo ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni: matundu ya chini yanafunguliwa saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, mchana tunaacha kidogo tu ya kupumulia. Ukuta mnene wa udongo unapoa usiku na unatumia ubaridi huo mpaka alasiri. Tunafanya anachofanya mchwa wa India.

Habari ya maji nayo ina mwaka wake. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, tunamwagia mchanga wa sakafuni na kuning'iniza magunia mabichi kwenye matundu, maji yanapokauka yanachukua joto na banda linapoa kweli. Wakati wa masika usijisumbue. Hewa imeshajaa maji, gunia halikauki, basi halipozi, linaota ukungu tu. Wenzetu wa Dodoma gunia linawasaidia karibu mwaka mzima, sisi wa Pwani hatuna bahati hiyo. Na chumba cha giza ndicho cha kuogopa zaidi kwa joto, kwa sababu katikati ya mfuko kukikaribia digrii 40 utando mweupe unakufa, na uliokufa haurudi. Pangeni mifuko kwa kuachanisha vidole vinne, msiibananishe eti ipate nafasi mingi.

Halafu kuna sisi wenyewe. Mamama ukikomaa unamwaga vumbi jeupe kama unga, ni zile punje alizohangaika nazo Bi. Ferguson. Anayeivuta hewa hiyo kila siku katika chumba kilichofungwa anaweza kupata kikohozi na homa, na mapafu yakaumia, ni ugonjwa unaojulikana kwa wafanyakazi wa mabanda ya uyoga. Kwa hiyo banda linaachwa wazi kwanza kabla ya mchumaji kuingia, uyoga unachumwa kabla kingo za kofia hazijajikunja kwenda juu, na kitambaa puani ni lazima hata kama unaona aibu. Mwenye pumu asipangwe zamu ya kuchuma, apewe ya kufungasha.

Hema

Sasa hema. Nitalisema kwa haki, maana wanaolitaka wengi ni vijana wetu na wana sababu.

Ni chumba cha kitambaa cha nailoni, mabomba ya chuma, zipu, giza ndani, na matundu ya mabomba ya hewa. Feni inakaa juu, inatoa nje hewa ya moto, hewa mpya inaingia kwa matundu ya chini. Ni akili ile ile ya mashimo ya Paris, ila badala ya moto kuna umeme. Hema la mita 2 kila upande lina ujazo wa mita 8. Feni ya kusukuma mita 200 kwa saa inabadilisha hewa yote mara 25 kwa saa. Hapo hewa ukaa haina pa kujificha, shingo ndefu zitakwisha. Ukiona kuta za hema zimevutwa ndani kama mashavu ya mtu anayenyonya kitu, ujue matundu ya chini hayatoshi. Hilo nalo ni zuri, hema linakuambia lenyewe.

Lakini feni haipoozi. Feni inahamisha. Hewa inayoingia ni ya chumba kilichobeba hema, na kama chumba kina digrii 33, ndani ya hema haziwezi kuwa 28 hata feni izunguke mpaka ichoke. Zitakuwa 33 na ile ya mifuko juu yake. Hema limebuniwa liwekwe ndani ya nyumba, na huko linakotumika sana nyumba ni za baridi au zina kiyoyozi. Kitambaa hakina unene wa kuhifadhi ubaridi wa usiku kama udongo. Tena upepo wa mara 25 kwa saa unakausha, kofia zinapasuka kingo, basi itabidi kunyunyizia mara nyingi zaidi. Na umeme ukikatika usiku wa manane hema lililofungwa zipu ni mfuko, mtu wa zamu lazima awe karibu alifungue. Banda likikatiwa umeme halijui.

Upande wao nao usikilizwe. Banda letu limekaa kwenye kiwanja cha familia ya mwanachama. Tuna maneno ya mdomo, hatuna karatasi. Wazee wakiondoka na watoto wakataka kiwanja chao, ukuta wa udongo haubebeki, hema linakunjwa linawekwa kwenye bajaji. Huo ni ukweli, na ndio unaonikosesha usingizi kuliko digrii. Pia hema linasafishika, magonjwa ya ukungu wa kijani unayafuta kwa kitambaa, wakati ukuta wa udongo unayaficha.

Mawazo yangu ni haya. Kabla ya kujenga banda la pili, kamati iende kwa familia ile na mwenyekiti wa mtaa, tuandikishane miaka, na kodi itajwe. Karatasi ikipatikana, nitapiga kura ya udongo, na safari hii mianya ya juu na matundu ya chini yachorwe kabla fundi hajafyatua tofali. Karatasi isipopatikana, tununue hema moja, si matatu kama anavyotaka mfanyabiashara, na tuliweke ndani ya chumba chenye makuti, si chini ya bati tupu, na feni yake tuijaribu mwezi wa Februari, si Julai. Hema lililojaribiwa Julai limejaribiwa na baridi.

Mfanyabiashara ameahidi kuleta hema moja la maonyesho Jumamosi ya kabla ya mkutano mkuu. Nimemwomba alisimamishe saa 7 mchana, jua likiwa kichwani, kwenye ukumbi wetu wa bati, tuweke kipimajoto kimoja ndani na kimoja nje, tuwashe feni saa nzima, halafu tuizime nusu saa. Amekubali. Wote mnakaribishwa, hata wasio wanachama. Chetezo nitaleta mimi, udi atatoa yule mwenzetu wa chapati.